Nywele Nyembamba za Dawa: Namna ya Kuzizuia Zisikatike

Mtu akianza kuona vipande vya nywele kwenye kola ya gauni na kwenye meno ya kitana, ushauri wa kwanza atakaopewa ni mafuta. Nyonyo, nazi, kitunguu, mkaratusi, kila jirani ana chupa yake. Mafuta si mabaya, na yatapata zamu yake huko chini, lakini kwa nywele nyembamba zenye dawa ya kunyoosha tatizo mara nyingi limeshatokea kabla chupa haijafunguliwa. Limetokea kwenye kiti cha saluni, siku ya kurudishia dawa, pale dawa mpya ilipopakwa juu ya nywele ambazo zilishapata dawa miezi michache nyuma. Kwa hiyo tutakaa sana kwenye siku hiyo, na mengine tutayapita kwa kadiri yanavyostahili.

Tuelewane kwanza kuhusu unyembamba. Hauhusiani na uchache. Unaweza kuwa na kichwa kilichojaa tele, na bado kila unywele ukawa mwembamba. Chukua unywele mmoja uliodondoka, uubiringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Vidole visipohisi kitu, basi zako ni nyembamba, hata kama ukizibana nyuma fundo linajaa mkono.

Dawa za kunyoosha tulizozizoea ni za haidroksaidi, yaani alkali kali, na pH yake, kile kipimo cha asidi na alkali, ni kati ya 12 na 14. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na sehemu kubwa ya uimara wake inatokana na vifungo vya salfa vinavyoishikilia protini hiyo. Dawa huvunja baadhi ya vifungo hivyo na kuacha vya aina nyingine, ambavyo haviwezi tena kurudi vilivyokuwa. Hapo ndipo nywele zinaponyooka, na hapo hapo ndipo zinapodhoofika. Mwaka 2010 Profesa Nonhlanhla Khumalo, daktari wa ngozi wa Cape Town, na wenzake walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba nywele zenye dawa zina sistini kidogo kuliko zisizo na dawa. Sistini ndiyo inayobeba vile vifungo vya salfa. Kwenye unywele mnene dawa ina safari ya kwenda hadi ifike ndani. Kwenye mwembamba inafika upesi, na ikirudi mara ya pili haikuti tena cha kunyoosha, inakuta cha kula.

Jua kwanza zinakatikia wapi

Tandika kitambaa cheupe mabegani, chana taratibu, halafu tazama kilichodondoka. Unywele mrefu wenye kichwa kidogo cheupe upande mmoja umenyonyoka wenyewe. Umri wake umekwisha, na kupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku ni kawaida. Kipande kifupi kisicho na kile kichwa cheupe kimekatika. Hayo ni mambo mawili tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine.

Kisha angalia mahali. Nywele zinazokatika sentimita mbili au tatu kutoka kwenye ngozi, kichwa kizima, zinakatikia kwenye mpaka: pale nywele mpya zinapokutana na za zamani zenye dawa. Hiyo ni alama ya dawa kupakwa mara mbili, au ya kuchana kwa nguvu wakati nywele mpya zimeshaota. Utosini au kisogoni peke yake, uliza msusi alianzia kupaka wapi, maana palipotangulia ndipo dawa ilipokaa muda mrefu zaidi. Pembeni mwa uso na juu ya masikio, tazama mitindo yako ya kusuka na mpira wa wigi. Kwenye ncha tu, huo ni uzee wa nywele, na utamalizwa na mkasi.

Kipimo kingine cha haraka: lowesha unywele mmoja uliodondoka, ushike ncha zote mbili, uvute polepole. Ukivutika kidogo na kurudi, bado una nguvu. Ukikatika papo hapo bila kuvutika, umekauka. Ukivutika na kuendelea kuvutika kama ubani wa kutafuna bila kurudi, protini imepungua, na nywele za namna hiyo hazifai kuguswa na dawa kwa sasa hata kama harusi ya dada yako ni Jumamosi.

Wiki mbili kabla ya kurudishia

Usihesabu wiki peke yake, tazama urefu wa nywele mpya. Nywele za Kiafrika kwa wastani hukua polepole kuliko za watu wa asili nyingine, karibu milimita 0.26 kwa siku. Baada ya wiki 8 una kama sentimita moja na nusu. Baada ya wiki 12 una sentimita mbili na kidogo. Hata msusi mwenye mkono mwepesi hawezi kupaka krimu nzito kwenye sentimita moja na nusu bila kuvuka mpaka. Kwa nywele nyembamba, kaa wiki 10 hadi 12. Ukifika 14 na bado unazimudu, ni faida kwako.

Kuna sababu nyingine ya kutokimbilia kila mwezi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022 uliona kwamba wanawake waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara 4 kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango kikubwa kuliko wasiotumia. Huo ni uhusiano tu, haujathibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, lakini mwenye kukaa wiki 12 hupaka kama mara nne tu kwa mwaka.

Kama una rasta au wivingi, fumua na uache kichwa kipumzike angalau wiki mbili kabla ya dawa. Mtindo wa kufumua asubuhi na kupaka dawa jioni ni maarufu kwetu, hasa karibu na sikukuu, nao ni wa kuuacha: ngozi imevutwa, ina mikwaruzo usiyoiona, na nywele zimetoka kubeba mzigo. Ukiwa na kidonda, kipele au mba uliyoikwangua, ahirisha. Wiki ya mwisho usijikune, na usioshe kwa siku nne au tano kabla ya siku yenyewe, ili mafuta ya asili ya ngozi yawepo.

Kuna mambo mawili yanayofuta safari nzima. La kwanza ni kalikiti. Dawa ya kalikiti ni ya thayo, kemikali ya aina nyingine, na thayo na haidroksaidi hazikai kwenye unywele mmoja. Nywele zitakatika zikiwa bado kwenye sinki. La pili ni kublichi. Nywele zilizoblichiwa zimeshavunjwa ndani, na nyembamba hazina akiba ya kulipia mara mbili. Ukitaka rangi, chagua moja kati ya dawa na blichi, uiache nyingine.

Siku ya dawa

Nenda siku ya kazi, asubuhi. Wiki ya Idi na wiki ya Krismasi msusi mmoja anashika vichwa vitano kwa pamoja, na cha kwanza kusahauliwa ni chenye dawa. Ukifika, kabla ya kukaa, fungua bomba. Kama hakuna maji, uliza yaliyopo kwenye ndoo na mapipa yanatosha kusuuza kichwa kizima kwa dakika tano au zaidi. Mgao wa maji haumsubiri mtu, na dawa ya pH 13 kichwani bila maji si jambo la mzaha.

Tazama kopo. Kwa nywele nyembamba unatafuta lililoandikwa “Mild”. Likikosekana, “Regular” kwa muda mfupi zaidi. “Super” ni ya nywele nene na ngumu, lakini saluni nyingi zina kopo moja kubwa la “Super” kwa kila anayeingia, kwa sababu linashika haraka. Ni afadhali uende na dawa yako mwenyewe, na wasusi wengi hawana shida na hilo.

Kuhusu aina: dawa za kopo zinazopakwa moja kwa moja kwa kawaida zina sodiamu haidroksaidi. Za boksi zinazochanganywa na kichupa cha maji maji zina kalsiamu haidroksaidi, ambayo ikichanganywa hugeuka kuwa ya guanidini. Watu huambiwa za boksi ni salama kwa sababu hazichomi sana ngozi. Kwa ngozi, ndiyo, ni nafuu. Kwa unywele wenyewe pH iko juu vile vile, na kalsiamu inabaki juu ya nywele kama ukoko, zikawa kavu na butu mwezi hadi mwezi. Mimi kwa nywele nyembamba napendelea ya kopo, ikishikwa na mtu anayejua kutazama saa. Ngozi yako ikiwa nyepesi kuungua, chukua ya boksi, ila uifuate na shampuu ya kutoa madini kama nitakavyoeleza. Iliyoshachanganywa ikibaki, itupe siku hiyo hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Ngozi yote ya kichwa ipakwe mafuta ya mgando, pamoja na mstari wa paji la uso, masikio na shingo. Kisha hatua ambayo saluni nyingi zinairuka, na ambayo kwa maoni yangu inaokoa nywele kuliko kitu kingine chochote: nywele za zamani, kuanzia kwenye mpaka hadi ncha, zipakwe kondishena nzito au mafuta ya mgando, hadi zionekane zimelowa. Dawa ikiteleza ikashuka chini, itakuta kizuizi. Ukiona aibu kumwomba msusi, zipake mwenyewe nyumbani uje nazo tayari. Ukikaa, mwambie mapema: “Dada, naomba unipake kwenye nywele mpya tu, za zamani nimeshazifunika.” Na umalizie: “Usipitishe hadi kwenye ncha.” Maana kuna desturi, dakika mbili za mwisho, ya kuivuta dawa mpaka chini ili nywele “zing'ae”. Zitang'aa wiki moja. Baada ya hapo ndipo vipande vinaanza kuonekana kwenye kola.

Kichwa kigawanywe mara nne. Dawa ianzie palipo pagumu zaidi, ambapo kwa wengi ni kisogoni au utosini, imalizikie mbele na pembeni, kwa kuwa nywele za kingo ni nyembamba kuliko zote. Ipakwe kwa brashi au mkia wa kitana, katika vipande vyembamba, ikiishia kidogo kabla ya mpaka, itajisambaza yenyewe. Kulainisha kufanywe kwa mgongo wa kitana au kwa vidole vyenye glavu. Kuchana kwa meno ya kitana nywele zikiwa na dawa ni kuzikata, hakuna namna nyingine ya kulisema.

Saa inaanza pale tone la kwanza linapogusa kichwa. Usisubiri upakaji uishe. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi au maelezo ya kopo, ushike muda mfupi zaidi walioutaja kwa nywele laini, uweke kengele kwenye simu. Kama msusi anatumia dakika kumi kupaka peke yake, basi sehemu ya kwanza imeshaiva kabla ya ya mwisho kuguswa. Omba mtu wa pili amsaidie, au mpake nusu ya kichwa, msuuze, mrudi kwa nusu iliyobaki.

Usitake zinyooke kama waya. Nywele nyembamba ziachwe na mawimbi kidogo. Hayo mawimbi ni vifungo vilivyosalia, navyo ndivyo vitakavyobeba kichwa kwa miezi mitatu. Msusi akisema “bado haijashika vizuri”, mjibu kwamba hivyo hivyo inatosha. Na ikianza kuchoma, inuka ukasuuze. Neno “vumilia kidogo” limewaachia wanawake wengi makovu utosini.

Kusuuza ni kwa maji ya uvuguvugu yanayotiririka, dakika tano au zaidi, hasa nyuma ya masikio na chini kabisa ya kisogo, ambako dawa hujificha. Baadaye ndipo inaingia shampuu ya nyutralaiza. Kazi yake ni kushusha ile pH, na shampuu ya kawaida haiwezi kuwa badala yake. Nyingi zina rangi ya kuonyesha: povu likiwa la waridi, dawa bado imo, likiwa jeupe, imetoka. Osheni mara tatu, na ile ya mwisho liache povu likae dakika tatu hadi tano. Saluni yenye haraka huosha mara moja na kumaliza, na dawa iliyobaki inaendelea kufanya kazi chini ya nywele zilizosetiwa vizuri. Kwa hiyo simama wewe mwenyewe juu ya povu lako. Huo si ukorofi.

Kisha tritimenti ya protini nyepesi, kondishena, na roleri kubwa chini ya draya yenye joto la wastani. Pasi ipumzike siku hiyo. Kusuka kusubiri wiki mbili, na rangi vivyo hivyo.

Kuosha na kulisha

Hapa ndipo mafuta yanapopata zamu. Nazi ina sifa ambayo mafuta mengi hayana: inaingia ndani ya unywele. Utafiti wa Rele na Mohile uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na ni ya nazi peke yake yaliyopunguza upotevu wa protini nywele zilipooshwa. Bibi zetu wa pwani walikuwa wakipaka bila kusubiri maabara, lakini ni vizuri kujua kwamba mpangilio una maana: yanapakwa kabla ya kuosha, kwenye nywele kavu, usiku wa kuamkia siku ya kuosha au saa moja kabla. Vijiko viwili vya chai vinatosha kichwa kizima. Nywele nyembamba zikizidishiwa mafuta hulala, hubeba vumbi, na unalazimika kuzisugua ili zitakate.

Osha kila wiki, au kila siku kumi. Shampuu iende kwenye ngozi kwa ncha za vidole, povu litakalotiririka litasafisha zilizobaki. Usizirundike zote juu ya kichwa na kuzivuruga kama nguo kwenye beseni. Weka kondishena, subiri dakika chache, kisha tenganisha kwa vidole kwanza, halafu kitana chenye meno mapana, ukianzia kwenye ncha na kupanda juu. Nywele zenye dawa zikiwa mbichi ndizo dhaifu kuliko wakati wowote, kwa hiyo bila kondishena usiziguse.

Maji ni jambo kubwa kuliko tunavyolipa uzito. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na Dodoma maji yake ni magumu. Sabuni haitoi povu, na nywele zikikauka zinakuwa kama zimepakwa unga. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya kusuuza mara ya mwisho, au mara moja kwa mwezi tumia shampuu ya kutoa madini. Utaitambua kwa kuona EDTA kwenye orodha ya viambato. Anayetumia dawa ya boksi anaihitaji hata kama maji yake ni mazuri. Ukienda baharini, lowesha nywele kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kuingia, ukitoka suuza mapema.

Protini, kila wiki nne hadi sita. Yai na mayonezi vina protini, lakini molekyuli zake ni kubwa mno, zinakaa juu na kusuuzwa. Tafuta tritimenti ambayo kwenye viambato ina neno “hydrolyzed”, yaani protini iliyokwishavunjwa vipande vidogo. Nywele zikianza kuwa ngumu na kulialia ukizishika, umezidisha. Ruka mzunguko mmoja na ufanye stimingi kwa kondishena ya kawaida, dakika 15 hadi 20. Hakuna umeme? Funga mfuko wa plastiki kichwani na taulo la moto juu yake.

Joto

Kausha kwa fulana ya pamba iliyochakaa, kwa kubonyeza. Taulo lina vinyuzi vinavyonasa nywele.

Pasi kamwe isiguse nywele mbichi. Maji yaliyomo ndani ya unywele yanachemka ghafla na kuacha mapovu yaliyokauka ndani yake, na pale penye povu ndipo utakapokatikia. Zikiwa kavu kabisa, kwa nywele nyembamba 150 °C inatosha, na usipite 180. Pasi isiyoonyesha namba, au kitana cha moto kinachopashwa kwenye jiko la mkaa, huwezi kukipima. Kinachoweza kuunguza karatasi kinaweza kuunguza nywele. Pitisha mara moja, si mara tano. Mara moja kwa wiki ni nyingi kwa nywele za namna hii. Roleri na draya ya joto la wastani zitakupa unyoofu wa kutosha bila kuzikaanga.

Mwezi wa pili na wa tatu

Hizi ndizo wiki ngumu. Chini nywele zimejikunja, juu zimenyooka, na mpaka unavutwa pande zote mbili kila unapochana. Wengi wanakimbilia dawa wakati huu kwa kuchoka tu. Kinachosaidia ni kupunguza idadi ya mara unazogusa: seti kwa roleri, zitie mawimbi, au fanya mabutu makubwa manne usiku na uyafungue asubuhi. Usipige pasi nywele mpya ili zifanane na za zamani. Joto lote litaangukia kwenye mpaka. Kondishena ya kuacha kichwani ipakwe hapo hapo penye mpaka, kwa vidole, kila baada ya siku mbili au tatu.

Ukizibana nyuma, badilisha mahali pa fundo: leo juu, kesho chini, keshokutwa pembeni. Mpira mwembamba wa kufungia noti za benki hauna kazi kichwani. Tumia wenye kitambaa.

Anayevaa hijabu ana mtihani wake. Kofia ya ndani ya pamba inayobana hufyonza unyevu na kusugua kingo kuanzia asubuhi hadi usiku, na mara nyingi inavaliwa nywele zikiwa bado na maji baada ya kuoga au kutawadha. Kausha kwanza, vaa kofia ya satini isiyobana, na pini zishike kitambaa, zisishike nywele.

Kusuka, wivingi na wigi

Profesa Khumalo niliyemtaja aliwachunguza pia wanawake na wasichana wa Afrika Kusini kuhusu upara wa pembeni, ule unaotokana na kuvutwa. Hatari ilikuwa kubwa zaidi pale kuvutwa kulipoongezwa juu ya nywele zenye dawa. Yaani rasta kwenye nywele za dawa ni jambo zito kuliko rasta kwenye nywele za asili, na sisi tunazifanya kana kwamba ni sawa.

Ukisuka, sharti la kwanza ni kusiwe na maumivu. Kichwa kikikuuma usiku wa kwanza, au vipele vikiota kwenye mistari, fumua zile za mbele, hata kama umelipa. Rasta ndefu nzito ziwaachie wenye nywele nene. Wewe chukua fupi, nyepesi, na uwaambie waache nywele za kingo nje. Wiki nne hadi sita zinatosha. Kufumua ndiko kunakopoteza nywele nyingi: pale kwenye shina kunakuwa na uchafu mweupe uliokusanyika pamoja na nywele zilizonyonyoka tangu ulipoanza kusuka. Pakaa mafuta au kondishena, uuchambue kwa vidole kabla maji hayajagusa. Ukitia maji kwanza, vitagandamana, na utaishia kutumia mkasi.

Gundi ya wigi kwenye kingo nyembamba, sioni namna ya kuitetea.

Usiku

Kilemba cha satini au foronya ya satini. Khanga ni nzuri kwa kila kitu kingine, lakini pamba yake hufyonza mafuta na kukwaruza.

Mkasi

Ncha iliyopasuka haiunganiki, chupa iseme itakavyo. Mpasuko unapanda, na sentimita moja usiyoikata leo itakuja kuwa tatu. Kata kidogo kila baada ya miezi mitatu, kwa mkasi wa nywele wenye makali, siku ile ile ya dawa baada ya kukausha. Najua kwetu kukata kunaumiza moyo, hasa kwa mtu aliyengoja miaka nywele zifike mabegani. Lakini nywele zinazofika mabegani zikiwa nyuzi kumi tu hazimdanganyi mtu.

Zikiendelea kukatika

Ukifuata haya kwa mizunguko miwili ya dawa na bado vipande havipungui, simamisha dawa. Acha ziote, ukipunguza zile za zamani kidogo kidogo kila mwezi, na wakati huo tumia mabutu laini ili mpaka usisumbuliwe.

Na kuna hali ambazo saluni haina la kufanya. Kuwa na sehemu tupu yenye ngozi inayong'aa, vidonda vyenye usaha, au mwasho na kuchoma utosini kusikoisha ni mambo ya daktari wa ngozi, na mapema, kwa sababu upara wenye makovu haurudi nyuma. Vivyo hivyo nywele zinazonyonyoka kwa wingi zikiwa na kile kichwa cheupe: hiyo inaweza kutokana na upungufu wa damu, tezi ya shingo, homa kali, au kujifungua miezi mitatu iliyopita, na kipimo cha damu kitasema zaidi kuliko msusi. Tanzania kliniki za ngozi zipo kwenye hospitali za rufaa kama Muhimbili, na Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC. Ukienda, beba boksi la dawa uliyotumia na usisuke wala kuvaa wivingi siku hiyo, daktari anahitaji kuiona ngozi.